Chini ya Mti wa Jirani: Nilivyoifunika Ardhi Kavu kwa Jeraniamu

Nyuma ya nyumba ninayoishi hapa Leicester kuna kipande cha ardhi, mita saba kwa mbili, ambacho jua hukipiga kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, tena mwezi Juni. Upande wa kusini kuna ukuta wa matofali, na juu ya ukuta yameinama matawi ya mti wa jirani, sikamo, jamii ya mepo, wenye majani mapana kama viganja. Mizizi yake imepita chini ya ukuta na kuja kunywa maji upande wangu. Nilipohamia mwaka 2019 hapakuwa na kitu pale isipokuwa udongo mgumu wa kijivu, mawe, na magugu mawili matatu yaliyonyong'onyea. Leo udongo huo hauonekani. Umefunikwa na majani manene mwaka mzima, na kuanzia katikati ya Mei maua ya waridi hujaa juu yake, nyuki wanene wenye manyoya wakihangaika humo tangu asubuhi.

Gharama yote, ukiacha makosa niliyoyafanya, haikufika pauni 50. Kilichohitajika zaidi ni subira ya miaka mitatu. Kila ninapotuma picha, ndugu na marafiki walioko huku Uingereza, Uholanzi, Uswidi na Marekani huniuliza nimefanyaje, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Tuanze na jina, maana jina ndilo lililonipotezea mwaka wa kwanza. Nilikwenda duka la mimea mwezi Mei 2019, nikasema nataka jeraniamu, nikauziwa vyungu sita vya maua mekundu kama yale unayoyaona kwenye baraza za nyumba za Nairobi na Moshi. Nikayapanda chini ya mti. Kiangazi kizima yalitoa ua moja moja, yamerefuka kutafuta mwanga. Novemba, jalidi ya kwanza ilipoanguka, nilitoka asubuhi nikayakuta yamelainika kama mchicha uliochemshwa.

Yale yalikuwa Pelargonium. Asili ya mengi katika hayo ni Afrika Kusini, na hayajui kuganda. Mkanganyiko wa jina una zaidi ya miaka 200. Mwaka 1753 Linnaeus aliyaweka makundi yote mawili chini ya jina moja la Geranium, na ingawa Mfaransa L'Héritier aliyatenganisha mwaka 1789, watu wa madukani na majumbani wakabaki na jina walilolizoea. Majina yenyewe yametoka kwenye Kigiriki, na yote mawili ni ya ndege wenye midomo mirefu, kwa sababu tunda la mimea hii limechongoka kama mdomo. Ndege hao Wagiriki waliwapa majina mawili. Sisi ndege wote hao tunawaita korongo.

Kuitofautisha mimea hii miwili si kazi. Tazama ua. Jeraniamu ya kweli ina petali tano zinazolingana, zimepangika sawasawa kama gurudumu. Pelargonium ina petali mbili za juu zinazotofautiana na tatu za chini, kwa umbo au kwa rangi. Kama mmea hauna ua, soma kibandiko: neno la kwanza la jina la kisayansi liwe Geranium. Muuzaji akikuambia "ni kitu kilekile", rudisha chungu mahali pake. Nasema hivyo kwa sababu vyungu vyangu sita viliishia kwenye pipa la taka za bustani.

Sasa, jeraniamu za kweli ni spishi zaidi ya 300, na si zote zinazoweza kazi hii. Ardhi chini ya mti mkubwa ina matatizo mawili yanayokwenda pamoja: giza na ukavu. Watu huona giza na kusahau ukavu. Siku moja mvua ilinyesha hapa tangu alfajiri hadi jioni. Ilipokatika nilikwenda pale chini ya mti nikachomeka kidole. Sentimita mbili za juu zilikuwa zimelowa. Chini yake palikuwa vumbi. Majani ya mti yalikuwa yameikinga mvua, na mizizi ilikuwa imenyonya hicho kidogo kilichopita. Fanya jaribio hilo kwako kabla ya kununua chochote, kwa sababu ndilo litakaloamua upande nini.

Kama kidole kitatoka na vumbi, mmea wako ni mmoja: Geranium macrorrhizum. Kwao ni milima ya Balkani, Italia na Karpati, kwenye miamba na vichaka. Hilo neno la pili lina maana ya mzizi mkubwa, na ndiyo siri yake: mashina yake manene hulala juu ya udongo kama tangawizi na kuhifadhi akiba. Majani yana umbo la kiganja chenye vidole vilivyofungamana, na yamefunikwa na vinyweleo laini. Ukilisugua jani moja, harufu hupanda mara moja, kali, kama utomvu wa mti uliochanganywa na limau, na hubaki mkononi hata baada ya kunawa. Wabulgaria hutoa mafuta yake, na jina wanaloliita kwao, zdravets, limetokana na neno lao la afya. Binti yangu hapendi harufu hiyo hata kidogo. Mimi naipenda, na sungura pia hawaipendi, jambo ambalo kwa mwenye bustani ni neema.

Unaweza kuchagua kwa rangi. 'Bevan's Variety' ina maua ya zambarau iliyokolea wekundu. 'Ingwersen's Variety', ambayo Walter Ingwersen aliichukua kwenye milima ya Montenegro mwaka 1929, ina waridi hafifu na ndiyo inayong'aa vizuri gizani. 'White-Ness' ni nyeupe kabisa. Penye kivuli kizito rangi iliyokolea humezwa na giza, kwa hiyo kama ningeanza upya ningepanda nyingi zaidi za waridi hafifu na nyeupe.

Zipo nyingine tatu ninazozithamini. 'Biokovo' ni fupi, sentimita 20 hadi 25, maua meupe yenye waridi kidogo katikati. Ni mtoto wa macrorrhizum na jeraniamu nyingine, dalmaticum, na iligunduliwa ikijiotea kwenye milima ya Biokovo, Kroatia. Nimeiweka ukingoni, penye mwanga kidogo, karibu na njia. Geranium phaeum husimama hadi sentimita 70 na maua yake ni ya zambarau iliyokolea inayokaribia weusi. Hujisambaza kwa mbegu, kwa hiyo usiipande kama hutaki kuikuta kila mahali. Geranium nodosum ni ya kivuli kweli, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na huota hata kwenye ufa wa ukuta. Kwa walioko mashariki ya Marekani na Kanada, Geranium maculatum ni mwenyeji wa misitu ya huko, ila hiyo hutaka unyevu zaidi na majani yake hulala mapema. Na wa Minnesota msihofu: macrorrhizum huvumilia baridi ya karibu nyuzi 30 chini ya sifuri.

Kuhusu 'Rozanne', najua mtaiulizia, kwa sababu ndiyo maarufu kuliko zote. Ilipatikana kwenye bustani ya nyumbani huko Somerset, na mwaka 2013 Shirika la Kifalme la Bustani la Uingereza liliipa heshima ya mmea wa karne ya maonyesho ya Chelsea. Ni nzuri, maua ya buluu kuanzia Juni hadi baridi. Lakini hutaka jua, na majira ya baridi hufa yote hadi shinani na kuacha ardhi wazi kwa miezi mitano. Kwa kazi tunayoizungumzia hapa, usiinunue.

Turudi kwenye ardhi yenyewe. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokosea, nikiwemo mimi.

Sisi tuliokulia shambani tumezoea kwamba ukitaka kupanda unalima kwanza. Nimekulia Lushoto. Jembe ni kitu cha kwanza nilichofundishwa. Kwa hiyo Machi 2020, watu wote tumefungiwa ndani, nilishika beleshi nikaanza kulipindua lile eneo lote. Nilipofika mita ya pili nilikuwa nimekata mizizi mingi ya ule mti, mingine minene kama mkono wa mtoto, na beleshi limepinda. Usifanye hivyo. Mizizi mingi inayoulisha mti iko kwenye sentimita 30 za juu, na ukiikata unaujeruhi mti ambao si wako. Vilevile usimwage udongo mpya mwingi juu yake ili upate pa kupandia. Mizizi huvuta hewa, na ukiizika inakosa hewa. Sentimita tano za mboji zinatosha.

Kinachotakiwa kung'olewa ni magugu ya kudumu, na hayo uyang'oe yote kabla ya kupanda hata mche mmoja. Kwangu adui alikuwa gugu linalotambaa na kujizungusha kwenye kila kitu, lenye maua meupe kama tarumbeta. Mizizi yake ni myeupe, mirefu, inakatika kama tambi zilizoiva, na kila kipande kinachobaki ardhini kinakuwa gugu jipya. Kulikuwa pia na nyasi inayotambaa chini kama sangari yetu. Jeraniamu huzuia magugu yanayoota kwa mbegu, kwa sababu mbegu hazipati mwanga. Hayo yenye mizizi ya kudumu hayazuiliki: hupita katikati ya majani, na ukishapanda huwezi kuyachimba tena bila kuharibu ulichopanda. Nilitumia uma wa bustani, si beleshi, nikiulegeza udongo taratibu na kuuvuta mzizi mzima kwa mkono. Kila Jumamosi, kuanzia Machi hadi Agosti. Palipokuwa pabaya zaidi nilitandika maboksi makavu, nikayalowesha, nikaweka matandazo juu, nikayaacha miezi yote hiyo.

Mboji niliyotumia ni ya majani ya mti huohuo. Kila Novemba huangusha magunia na magunia. Nayakusanya, nayatia kwenye mifuko mikubwa ya plastiki, nayalowesha, natoboa matundu kwa uma, nafunga, nasahau. Baada ya mwaka mmoja yanafaa kwa matandazo. Baada ya miwili yanakuwa meusi, mepesi, yananukia msitu. Mama yangu hufanya vivyo hivyo kwenye kahawa yake, anatandaza majani ya migomba hadi ardhi isionekane. Sikuhitaji kitabu kunieleza kwa nini.

Samadi na mbolea za dukani ziache. Jeraniamu ikipewa chakula kingi hutoa majani mengi malegevu na maua machache.

Miche yangu ya kwanza sikuinunua. Mwezi Septemba 2020 yule mzee jirani, mwenye ule mti, aliniona nikihangaika na magugu muda wote ule, akanipitishia mfuko juu ya ukuta. Ndani mlikuwa na vipande 22 vya mashina ya kahawia, vinene kama kidole gumba, vyenye magamba ya majani ya zamani, na juu ya kila kimoja fundo dogo la majani mabichi. Vingine havikuwa na mzizi hata mmoja. Nilidhani vimekufa. Jioni nilipompigia mama simu ya video nikamwonyesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo uliyoshika ni magimbi?"

Nikamweleza kwamba ni maua ya kupanda kivulini, na kwamba sijui niyasimamishe vipi kwenye udongo, maana yana vichwa vizito na yanaanguka.

"Kwani mihogo ulikuwa unaisimamishaje? Ilaze. Pingili unailaza, unaacha kichwa tu nje, halafu unakanyaga."

Ndivyo inavyotakiwa kufanywa. Wapandaji wengi huichomeka macrorrhizum wima, na matokeo yake shina refu hubaki hewani, linakauka kwa upepo na kung'olewa na jalidi. Chukua beleshi dogo la mkono. Tafuta nafasi katikati ya mizizi ya mti. Ukikuta mzizi mnene kuliko kidole, sogea kando sentimita chache, usishindane nao. Chimba kijifereji chenye kina cha sentimita nane hadi kumi upande mmoja, kikipanda taratibu kuja juu upande wa pili. Laza pingili humo kwa mshazari, shina lote liwe ndani na lile fundo la majani tu libaki juu, limekaa usawa wa udongo. Rudisha udongo uliochanganywa na mboji kidogo, halafu kandamiza kwa ngumi, si kwa vidole. Vuta jani moja kidogo. Likija na mmea wote, kandamiza tena. Ikiwa umenunua mche wa chungu, fanya hivyohivyo: upande chini zaidi ya ulivyokuwa kwenye chungu, mradi fundo la majani lisizikwe.

Umbali nilioutumia ni sentimita 40, kwa mpangilio wa mafiga: miche mitatu mitatu kama mawe ya jikoni, si mistari iliyonyooka. Mistari huacha vichochoro na magugu hupita humo. Kwa umbali huo utahitaji kama miche sita au saba kwa mita ya mraba. Ukiwa na haraka na pesa, panda kwa sentimita 30. Mimi nilikuwa na vipande 22, kwa hiyo nilipanda karibu mita nne za mraba tu, kwenye kona moja, na mita kumi zilizobaki nikaziacha chini ya maboksi. Huo ndio uamuzi mzuri kuliko yote niliyoufanya. Laiti ningevitawanya vile vipande 22 kwenye eneo lote, magugu yangevimeza.

Panda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Udongo bado una joto, mvua zinaanza, na mti unaangusha majani, kwa hiyo mwanga unaingia na mti hauna kiu tena. Mche unapata miezi saba ya kutafuta mizizi kabla mti haujaamka. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Mei 2022 nilinunua vyungu 15 vya Geranium sylvaticum, maua ya urujuani, nikavipanda karibu na ukuta kwa sababu vilikuwa vimechanua na nilivipenda. Ulipofika mwezi Julai likaja lile joto. Tarehe 19 kipimo cha Coningsby, Lincolnshire, kilifika nyuzi 40.3, joto ambalo lilikuwa halijawahi kupimwa Uingereza. Nilikuwa zamu za usiku wiki nzima, narudi asubuhi nalala. Nilipokwenda kuitazama bustani siku ya nne, 11 kati ya 15 zilikuwa zimekauka kabisa, majani yakivunjika mkononi kama karatasi. Mita mbili kutoka pale, macrorrhizum zenye miaka miwili ardhini, ambazo nazo hazikupata tone, zilikuwa zimejikunja na kugeuka nyekundu pembeni. Septemba zilirudi zote. Sylvaticum hutaka unyevu, hilo ni kosa la kuchagua. Lakini hata macrorrhizum ingekufa kama ningeipanda Mei ule na kuiacha bila maji.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza kumwagilia ni lazima, hata kwa mmea unaosifiwa kuvumilia ukavu. Uvumilivu unakuja mizizi ikishashuka. Kuanzia Aprili hadi Septemba, ikipita wiki bila mvua ya maana, mwagilia lita mbili kila mche, mara moja kwa wiki. Kwa keni ya lita kumi ni miche mitano. Mwaga polepole shinani, subiri yazame, rudia. Usinyunyize kidogo kila jioni kwa mpira wa maji, kwa sababu maji hayo huishia kwenye sentimita mbili za juu, na mizizi ya mti, ambayo imeshatangulia pale, ndiyo itakayoyanywa. Mwaka wa pili mwagilia pale tu unapoona majani yamelegea asubuhi. Jioni si kipimo, hata mmea mzima hulegea jioni ya joto. Mwaka wa tatu weka keni kando.

Katika mwaka huo wa kwanza mmea utaonekana kama haufanyi kitu. Vifundo vyangu 22 vilikaa vilevile hadi Mei, majani manne matano kila kimoja, na maua nilipata matatu tu kona nzima. Usichimbe kuangalia. Mwaka wa pili vilianza kugusana. Mwaka wa tatu nilipita pale siku moja nikatambua sijang'oa gugu tangu mwezi uliopita.

Matunzo baada ya hapo ni machache. Mwishoni mwa Juni maua yakiisha, shika kikonyo kikavu karibu na shina ukivute kwa pembeni, kinatoka bila mkasi. Ukipenda ijisambaze, acha vikonyo kadhaa na uyatazame matunda siku yenye jua: mdomo wa korongo hukauka, hupasuka kutoka chini na kurusha mbegu mbali. Geranium phaeum ikate yote hadi usawa wa udongo baada ya maua, mwagilia, na baada ya wiki tatu itakupa majani mapya safi. Hiyo pia ndiyo dawa yake ya ubwiri unga, ambao huishambulia kiangazi kikavu, ukayaona majani yamepakwa kama unga wa ngano. Macrorrhizum usiikate hivyo. Ondoa tu majani makavu mwezi Februari. Baadhi ya majani yake hugeuka mekundu na ya machungwa wakati wa baridi na hubaki, na kwa macho yangu ndio wakati wake mzuri zaidi.

Majani ya mti yanayoanguka juu yake, yawe machache, yatajipenyeza na kuoza. Sikamo huangusha tabaka zito linaloloana na kushikamana kama mkeka, na chini yake jeraniamu huoza. Hilo liondoe kwa mkono, si kwa reki, maana reki hung'oa mashina.

Wadudu sijasumbuliwa nao sana. Konokono uchi hawali macrorrhizum. Wa kumwogopa ni fukusi ambaye mtoto wake ni funza mweupe aliyejikunja, kichwa cha kahawia, anayekula mizizi. Huja mara nyingi ndani ya udongo wa chungu ulichonunua. Kabla ya kupanda, toa mche kwenye chungu, pukuta udongo, tazama. Ukimkuta, wape ndege.

Jeraniamu hii ikishakaa humeza vidogo, kwa hiyo usiichanganye na mimea midogo ya thamani. Nimeiwekea kangaga tatu katikati ili pasiwe tambarare tupu, na narsisi ndogo nilizozika kwa kina cha sentimita kumi Oktoba. Machi hutoboa katikati ya majani na kuchanua, na majani yake yakianza kukauka na kuchakaa, jeraniamu inakuwa imeshapanda na kuyaficha.

Kwa mlioko milimani nyumbani, Limuru, Lushoto, Mbeya, mtaniambia niwaletee. Naomba msinishawishi, wala msitie vipandikizi kwenye sanduku la safari. Mmea unaovuka mpaka unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na yule funza niliyemtaja ni mfano mmoja tu wa abiria anayeweza kuja nao. Isitoshe, jeraniamu za kweli zipo huko tayari. Geranium arabicum huota yenyewe kwenye kingo za misitu ya milimani Afrika Mashariki, yenye maua madogo meupe au ya waridi. Nilikuwa naikanyaga nikienda kuchota maji, sikujua ina jina. Tafuta kingoni mwa shamba lako, chukua mbegu au kipande kimoja, na uijaribu chini ya mparachichi.

Limebaki la kuongeza miche, ambalo ndilo lililonifikisha kwenye mita 14 bila kununua tena. Kila Septemba naingia kwenye kona ile ya kwanza, nachagua mashina marefu yaliyojitokeza pembeni, nayakata kwa kisu kikali palepale yanapoungana na shina mama. Kila pingili iwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Naondoa majani makubwa yote, nabakiza mawili matatu machanga katikati, kwa sababu majani mengi hunywa maji ambayo pingili isiyo na mizizi haiwezi kuyaleta. Sitii dawa ya mizizi. Nainua boksi moja, natazama kama lile gugu la tambi limekwisha kweli, nalaza pingili kama mihogo, nakandamiza kwa ngumi, namwagilia. Kati ya kumi hushika tisa. Na ukipata kipande kifupi sana usikitupe: kikiwa na vifundo vitatu na chipukizi moja, kinatosha.